Ukiona Vyaelea: Historia ya Chombo cha Mvuvi Mdogo katika Maziwa Yetu

Utangulizi

Darasa letu la Kiswahili la Area 23, hapa Lilongwe, ni darasa la watu wa maziwa wanaoishi mahali pasipo na ziwa. Wamo waliozaliwa Uvira na Baraka, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika. Wamo wa Rumonge na Nyanza-Lac, upande wa Burundi. Wamo pia Wamalawi wenyewe, wanaojifunza lugha hii kwa ajili ya biashara ya Mbeya na Dar es Salaam. Tangu mwaka 2023, wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini walipotakiwa kurejea kambini, darasa limegawanyika sehemu mbili. Siku nyingine tunafundisha Area 23, na siku nyingine tunasafiri kilomita 40 na ushei hadi Dzaleka, katika wilaya ya Dowa, mahali palipokuwa gereza kabla ya kufanywa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Pote pawili ni nchi kavu ya mahindi. Ziwa Malawi liko mwendo wa zaidi ya kilomita 100 kuelekea mashariki.

Siku moja kijana mmoja wa Kimalawi, ambaye kwao ni kando ya Ziwa Chilwa, alituletea swali lisilokuwamo katika kitabu chetu cha kiada. Kaka yake ni mvuvi. Alfajiri moja upepo wa mwera ulimpindulia mtumbwi. Wenzake walimwokoa, lakini nyavu zilipotea, na mtumbwi wenyewe ukaonekana baadaye umepasuka. Ukoo mzima ulikuwa umechanga fedha ili anunuliwe chombo kingine, na fedha zile zisingeweza kuchangwa mara ya pili. "Mwalimu," alituuliza, "tununue chombo gani kilicho rahisi na kisichopinduka?"

Wanafunzi wa Tanganyika walijibu wote kwa pamoja, kila mmoja akisifu chombo cha kwao. Ubishi ule ulituonyesha kwamba jibu la swali hili limo katika historia. Katika makala haya tutajaribu kuonyesha kwamba chombo kilicho rahisi na imara hakijapata kuwa kimoja mahali pote. Kila ziwa liliwafundisha watu wake kupatanisha mambo manne: mti uliopo, maji yalivyo, wavu unaotumika na fedha iliyomo mfukoni. Mvuvi asiyelijua hilo hununua bei, hanunui chombo.

Neno moja, maziwa mengi

Tulianza na kazi yetu wenyewe, yaani lugha. Tuliandika ubaoni neno mtumbwi, tukawataka wanafunzi walitaje kwa lugha za nyumbani. Mrundi akasema ubwato. Mkongomani asemaye Kilingala akasema bwato. Mmalawi naye, kwa Kichewa, akasema bwato. Darasa likacheka, kwani kila mmoja alidhani kwamba mwenzake amemwiga. Tukaongeza kwamba Waganda husema eryato, na wingi wake ni amaato. Wataalamu wa lugha za Kibantu wanayahesabu maneno haya kuwa ya shina moja la kale. Maana yake ni kwamba wazee wetu walikijua chombo hiki kabla lugha zao hazijaachana. Kiswahili kilichukua njia yake kikasema mtumbwi, lakini kitu kilichotajwa kilikuwa kile kile: gogo lililochongwa.

Mwalimu asidharau somo dogo kama hili. Watu waliotoka nchi tatu, ambao hawakupata kukutana kabla ya Dzaleka, waligundua kwamba babu zao walipiga kafi katika neno moja.

Chombo cha mti mmoja

Mtumbwi wa gogo huchongwa kwa shoka na tezo. Fundi huangusha mti, hulichonga gogo likiwa bado porini ili lipungue uzito, kisha watu wengi hulikokota hadi majini. Sifa zake ni nyingi. Hauna maungio yanayoweza kuachia. Hauna msumari wa kushika kutu. Ukijaa maji hauzami, kwa sababu ubao wake wenyewe huelea, na mvuvi aliyetupwa majini anaweza kuushikilia hadi aokolewe. Mtumbwi wa mti mgumu, ukitunzwa vema, hudumu kwa miaka mingi. Licha ya hayo, zamani mti ulikuwa haununuliwi; gharama ilikuwa jasho na chakula cha wasaidizi.

Kasoro yake kubwa ni moja: upana wa mtumbwi hauwezi kuzidi unene wa gogo. Kwa hiyo historia ya mtumbwi ni historia ya kutafuta miti minene. Katika karne ya 19, wakati Ujiji ulipokuwa soko kubwa la Ziwa Tanganyika, wachongaji waliifuata miti mikubwa ng'ambo ya magharibi, katika nchi ya Wagoma, na mitumbwi ikaletwa Ujiji kuuzwa. Wazungu Burton na Speke, waliofika Ujiji mwezi Februari 1858, walisafiri hadi Uvira kwa mitumbwi ya namna hiyo. Mzee mmoja wa darasa letu, mzaliwa wa Baraka, alifurahi kusikia hayo. Alituambia kwamba hata yeye alikuta wazee wakiutaja mti wa mtumbwi kwa heshima, kama mtu atajavyo mahari.

Katika Ziwa Malawi wachongaji walipenda miti kama mbawa, ambao kwa Kiswahili ni mkangazi, na mlombwa, ambao ni mninga. Hapo waliunda umbo la pekee. Mtumbwi wa ziwa hilo una tumbo la mviringo, lakini mdomo wake wa juu ni mwembamba, kiasi kwamba mtu mzima hawezi kukaa ndani kwa raha. Mvuvi hukaa juu ya kingo na kuingiza miguu ndani. Mgeni akiona hivyo hudhani fundi alikosea. Fundi hakukosea. Mdomo mwembamba huzuia mawimbi yasimwagike ndani, na unene ulioachwa ubavuni huufanya mtumbwi usipasuke upesi ukigonga mwamba. Lakini mtu akikaa juu, uzito nao umekaa juu, na chombo huwa chepesi kuyumba. Mtoto wa ziwa hujifunza kuutuliza kwa kiuno chake tangu utotoni. Uthabiti wa chombo hicho umegawanywa: nusu umo katika mti, nusu umo katika mwili wa mvuvi. Anayeununua mtumbwi huo bila kuwa na kiuno hicho amenunua nusu tu.

Jambo la pili lililoudhoofisha mtumbwi wa gogo ni kupungua kwa miti. Mti wa kutoa chombo kipana huhitaji miaka mingi ya kukua, na misitu ya karibu na maziwa ilikatwa kwa mashamba, kuni na mkaa. Miti minene ilipokwisha, mafundi walichonga myembamba. Hivyo mtumbwi ulioitwa kwa jina lile lile ukawa si chombo kile kile. Babu alivua katika mtumbwi mpana wenye utulivu. Mjukuu amenunua mwembamba, naye huambiwa kwamba hajui kupiga kafi kama babu yake.

Werevu wa pwani

Tatizo hili la wembamba wa gogo si geni kwa Waswahili. Kitabu kidogo cha Kigiriki kiitwacho Periplus, kilichoandikwa katika karne ya kwanza baada ya Kristo, kinataja pwani yetu vyombo vya namna mbili: mitumbwi ya gogo moja na vyombo vya mbao zilizoshonwa kwa kamba. Mji wa Rhapta, uliotajwa humo, ulipewa jina lililotokana na vyombo hivyo vya kushonwa. Kwa hiyo, takriban miaka 2,000 iliyopita, majibu mawili yalikuwa tayari yanaelea pwani ya Afrika ya Mashariki.

Jibu la kushona mbao lilizaa mtepe, chombo maarufu cha upande wa Lamu, kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari. Mtepe ulitoweka katika karne ya 20. Jibu lingine lilikuwa ngalawa. Aliyeibuni ngalawa hakulipanua gogo, kwani gogo halipanuki. Alikingamisha miti miwili juu ya mtumbwi, na katika ncha zake akafunga mirengu, yaani zile mbao mbili zinazogusa maji kila upande. Chombo kikilalia kushoto, mrengu wa kushoto hukataa kuzama. Kikilalia kulia, wa kulia hukataa. Kwa njia hiyo shina jembamba la mwembe lilipata utulivu wa chombo kipana, likaweza kubeba tanga, na kwa gharama ndogo. Tunaamini kwamba mvuvi maskini hajapata kutengenezewa chombo cha werevu kuliko hicho. Wataalamu wengi huhusisha mirengu na mabaharia wa visiwa vya Asia ya kusini-mashariki, ambao lugha yao imo hadi leo Bukini.

Je, mirengu ilifika katika maziwa yetu? Neno ndilo lililofika. Mnamo miaka ya 1840 Salim bin Abdallah, aliyejulikana kwa cheo cha Jumbe, alijenga makao yake Nkhotakota, kando ya Ziwa Malawi. Majahazi yake yalivusha pembe na, kwa masikitiko makubwa ya historia yetu, watumwa, hadi ng'ambo ya mashariki ili wapelekwe pwani. David Livingstone alipopita huko mwaka 1863 alikuta jahazi jipya likiundwa badala ya lililovunjika. Urefu wake ulikuwa futi 50 na upana futi 12. Lugha ya pwani ilisikika ziwani pamoja na nyundo za waunda vyombo. Leo katika Kichewa neno ngalawa lipo, lakini maana yake ni chombo kikubwa kuliko bwato, hata meli. Mirengu haimo kabisa katika maana hiyo.

Tunadhani sababu si ujinga wa watu wa bara. Mvuvi wa ziwani hutupa wavu ubavuni mwa chombo, na mrengu hunasa wavu. Katika maziwa madogo hupita kati ya matete, na mrengu hunasa matete. Chombo kilichofaa pwani, penye maji wazi na upepo wa tanga, kingekuwa kero katika kinamasi. Hapa twapata fundisho la kwanza kwa mnunuzi: sifa ya chombo haihami pamoja na chombo.

Mbao na msumari

Watu wa maziwa walilitatua tatizo la gogo kwa njia ya mbao. Katika Ziwa Viktoria, Waganda na watu wa visiwa vya Sese walichonga mkuku kutoka katika gogo, kisha wakapandisha mbao ubavuni na kuzishona. Mwaka 1875 Stanley alipolizunguka ziwa hilo, vyombo vya namna hiyo ndivyo vilivyokuwa jeshi la majini la Kabaka Mutesa. Baadaye msumari ulichukua mahali pa uzi, lakini jina la Sese limedumu katika boti za wavuvi wa ziwa hilo. Faida ya ufundi huu ni dhahiri: upana wa chombo haukutegemea tena unene wa mti mmoja. Miti ya kadiri ilitosha.

Ziwa Tanganyika nalo likatoa jibu lake. Tangu zamani wavuvi wa huko waliwavuta dagaa usiku kwa mwanga wa moto uliowashwa omoni mwa mtumbwi, wakawachota kwa wavu wa mpini uitwao lusenga. Katika miaka ya 1950 taa za karabai zilienea, na upande wa Burundi vikaanza kutumika vyombo viwili vilivyounganishwa kwa miti, na wavu mkubwa ukiteremshwa na kuinuliwa katikati yake. Wanafunzi wetu wa Rumonge huviita katamarani. Chombo kimoja huyumba. Viwili vilivyoshikana haviyumbi upesi, kwa sababu kila kimoja ni mrengu wa mwenzake. Ni wazo lile lile la ngalawa, ingawa halikutoka pwani, na safari hii wavu haukunaswa, kwani nafasi yake ilikuwa katikati.

Vijana wa Tanganyika walipomshauri mwenzao wa Chilwa anunue katamarani, hawakumdanganya kuhusu uthabiti wake. Walisahau fedha na kina cha maji. Katamarani ni mali ya tajiri mwenye mabaharia kadhaa, na kazi yake ni katika maji marefu.

Ukubwa si uthabiti

Wengi hudhani kwamba chombo kikubwa hakipinduki. Ziwa Malawi lilikanusha jambo hilo kwa huzuni mwezi Julai 1946, wakati meli ya Vipya, iliyokuwa bado mpya, ilipopinduka katika dhoruba, na watu 145 wakafa. Siku hiyo hiyo bila shaka ilikuwapo mitumbwi iliyovutwa ufukoni salama, kwa kuwa wenyewe walilitazama ziwa asubuhi wakakataa kutoka.

Lugha yetu ina neno zuri kwa mwendo wa chombo kinachoyumba ubavu kwa ubavu: husemwa kinakwenda mrama. Tumezoea kulitumia neno hilo kwa mambo ya watu, kama katika methali isemayo kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama, hata wanafunzi hawajui kwamba asili yake ni majini. Chombo huenda mrama kwa sababu mbili hasa. Kwanza, ni chembamba pale kinapokutana na maji. Pili, uzito wake umekaa juu.

Sababu ya kwanza ina hesabu yake. Uwezo wa chombo kujiinua kinapolazwa, ule unaotokana na umbo lake, haukui sawasawa na upana. Hukua kwa upana uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Tukiongeza upana kwa robo moja tu, uwezo huo huwa karibu mara mbili. Tukiongeza urefu kwa robo, uwezo huongezeka kwa robo tu. Kwa hiyo mwenye fedha kidogo, anayelazimika kuchagua kati ya chombo kirefu chembamba na chombo kifupi kipana, achague kifupi kipana. Atakwenda polepole zaidi, naam, lakini atarudi.

Sababu ya pili haihitaji fedha. Mvuvi akikaa chini badala ya kusimama, akiweka samaki na mawe ya nanga sakafuni, akifua maji mara yanapoingia, amepata uthabiti wa bure. Maji yaliyomo ndani ya chombo ni adui kuliko maji ya nje, maana chombo kikilala upande mmoja nayo hukimbilia upande huo huo.

Ziwa Chilwa na wenzake

Tumeandika mengi juu ya maziwa makubwa kwa sababu ndiko vyombo vilikobuniwa. Lakini swali letu lilihusu ziwa dogo. Chilwa, lililo mashariki ya Zomba na kupakana na Msumbiji, halina mto wa kutolea maji. Hata katika miaka ya mvua nyingi kina chake ni cha mita chache tu, nao wavuvi husukuma vyombo kwa pondo mahali pengi. Pembeni limezungukwa na matete na kinamasi. Baadhi ya wavuvi huishi humo humo ziwani wakati wa msimu, katika vibanda vya nyasi viitwavyo zimbowera. Samaki wake ni matemba, makumba na mlamba, ambaye sisi twamwita kambare.

Mtu asidanganywe na ufupi wa maji hayo. Upepo wa mwera ukivuma juu ya maji mafupi huinua mawimbi mafupi, yaliyosimama wima na kufuatana upesi. Mawimbi ya namna hiyo huumwagia maji mtumbwi mwembamba kabla mpiga kafi hajaupata mwendo wake. Ndilo lililompata kaka wa mwanafunzi wetu.

Tena ziwa hilo lina tabia ya kuondoka. Lilikauka mwaka 1968, likakauka tena mwaka 1995, na mwaka 2018 vyombo vilionekana vimelala juu ya matope yaliyopasuka. Jua linapopiga chombo cha mbao kwa miezi, mbao hunywea, maungio hufunguka, na maji yarudipo chombo huvuja kila mahali. Gogo nalo hupasuka. Kwa hiyo katika ziwa kama hilo bei ya chombo si ile iliyolipwa sokoni peke yake. Huongezwa bei ya kukitunza siku ambazo hakuna maji: kukifunika nyasi, kukiweka kivulini, kukikalafati upya.

Basi chombo cha ziwa dogo kiweje? Kwa kuyapima yote tuliyoyaeleza, twaona kwamba boti ndogo ya mbao, yenye sakafu bapa na pana na mbavu zinazofunguka kwa nje kadiri zinavyopanda, ndiyo ifaayo zaidi katika maji kama ya Chilwa. Sakafu bapa hupita penye maji ya magoti. Upana huizuia isiende mrama. Mbavu zilizofunguka humpa mvuvi upana zaidi boti inapolala. Ikiwa nyepesi, watu wawili au watatu wanaweza kuivuta juu ya matope. Na mbao za kawaida zinatosha, ingawa za msindano huoza upesi zisipopakwa dawa na rangi.

Lakini hatusemi kwamba mtumbwi wa gogo umekufa. Penye mti mpana na fundi mwaminifu, na mvuvi aliyelelewa nao, bado ni chombo cha heshima.

Maswali ya mnunuzi

Darasani tuliyafupisha mafundisho ya historia katika maswali matano, na wanafunzi wakayaandika kwa Kiswahili na kwa Kichewa ili yapelekwe Chilwa.

Swali la kwanza: upana wa chombo ni kiasi gani pale kinapogusa maji, si pale juu kwenye kingo? Mnunuzi apime kwa kamba, asipime kwa macho.

Swali la pili: kikibeba watu na wavu, ubavu unaobaki juu ya maji ni wa kimo gani? Chombo kijaribiwe kikiwa na shehena, maana chombo kitupu ni kama mchumba siku ya kwanza.

Swali la tatu: watu wawili wakisimama upande mmoja katika maji ya kiuno, kinafanya nini? Kikilala polepole na kusita, ni chema. Kikianguka ghafula, mnunuzi arudishe fedha mfukoni.

Swali la nne: kikijaa maji chote, kinaelea? Kama kina mashini au vyuma vizito, yafungwe madumu matupu yaliyozibwa vema chini ya viti.

Swali la tano: kitadumu miaka mingapi? Tuchukue mfano wa kubuni. Chombo cha kwacha 300,000 kinachooza baada ya miaka 2 humgharimu mwenyewe kwacha 150,000 kwa mwaka. Cha kwacha 600,000 kinachodumu miaka 6 humgharimu 100,000 tu. Watu husema kwamba rahisi ni ghali, na hapa hesabu yawaunga mkono. Lakini tusiisahau hali ya maskini: ikiwa hana hizo 600,000 leo, hesabu yetu haimsaidii. Ndiyo maana kuchangia chombo kimoja, ndugu wawili au watatu, kumekuwa desturi ya wavuvi wadogo mahali pengi.

Hitimisho

Wahenga walisema: ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Sisi walimu huifundisha methali hii kama fumbo la juhudi, na hivyo ni sawa. Lakini tunapoifundisha, tukumbuke pia maana yake ya nje. Kila chombo kilichotajwa hapa kiliundwa na mtu aliyeyatazama maji yake akayajibu. Maneno omo, tezi, mkuku, mrengu, pondo, kafi, kalafati na mrama si mapambo ya mashairi. Ni maarifa ya watu waliotaka kurudi nyumbani jioni. Mwanafunzi asiyeyajua amepungukiwa na kitu kikubwa kuliko msamiati. Tunawaomba wenzetu walio mbali na maji wayafundishe vivyo hivyo, na wakipata wazee wa maziwa katika madarasa yao, wawape chaki.

Ukoo wa kijana wetu ulinunua boti ya mbao, fupi kuliko ile aliyoitamani kaka yake, lakini pana kuliko zote zilizokuwapo pale kwa fundi. Msimu mmoja wa mwera umekwisha kupita. Kaka yu hai, na nyavu zake anazo. Kijana alituandikia habari hiyo katika insha yake ya kwanza ya Kiswahili, ukurasa mmoja na nusu, na ndani yake boti ile aliiita ngalawa mara sita. Tulishika kalamu nyekundu tukasita. Ngalawa haikuwa, kwa kuwa haina mirengu. Na ngalawa ilikuwa, kwa kuwa katika lugha ya mama yake ndivyo chombo kikubwa kuliko bwato kiitwavyo, tangu nyakati za majahazi ya Nkhotakota. Tuliiacha kama ilivyo, tukaandika pembeni: tutalizungumza neno hili darasani.

Tulilizungumza Alhamisi iliyofuata, huko Dzaleka, na kipindi kilikwisha kabla maneno hayajakwisha.